Nilivyowachagulia wakwe zangu wa Mohoro trekta lisiloweza bonde lao

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ni ya kweli. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi si fundi wa mitambo. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Kibiti, na jioni nasoma manual za matrekta. Napenda tu kujua.

Shemeji yangu Saidi na ndugu zake walitaka trekta used la kazi mbili: kulima mpunga bondeni Mohoro na kupakia mchanga kwenye malori. Wakasema, "Mwulizeni shemeji, yeye anasoma."

Yard kulikuwa na mawili, yote yana kijiko cha mbele.

La kwanza ni la gia za kawaida. Kupakia ni mbele, nyuma, mbele, nyuma kutwa, na kila mara unakanyaga klachi na kubadili gia. Mguu unachoka, klachi inaisha mapema.

La pili ni hydrostatic. Mafuta yenye presha ndiyo yanazungusha magurudumu. Ukikanyaga pedali hii linakwenda, ile linarudi. Kwa kijiko, raha tupu.

Nilishasoma kwamba hydrostatic hupoteza nguvu likivuta jembe zito. Kwa hiyo nililijaribu na jembe. Likakata vizuri, nikaridhika, wakalinunua.

Ila nililijaribu kwenye shamba la nyuma ya duka langu. Wenyeji mnaijua Kibiti: mchanga mtupu, hata kuku anachimba.

Mama mkwe alikuwa na zamu kwenye trekta la kukodi. Nikamtuma mke wangu amwambie aiachie, la kwetu linakuja. Akaiachia.

Bonde la Mohoro ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaulowesha. Jembe lilipozama, trekta likanguruma, likasimama. Tukapunguza kina. Likasogea kidogo, mafuta yakapata moto, taa ya tahadhari ikawaka. Tukalipumzisha, tukajaribu tena, yakawa yale yale.

Saidi akaniita mbele za watu: "Shemeji, hili la kulima au la kubebea bibi harusi?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje?

Trekta la kukodi lilikuwa limeshahamia Umwe. Mama mkwe akaingia shambani na jembe la mkono.

Nikachukua jembe nimfuate. Kwa heshima zetu, mkwe hasemi nami moja kwa moja. Akamgeukia mke wangu: "Mwambie mumeo akae kivulini. Jua kali, hajazoea."

Hakuwa anakejeli. Alinionea huruma kweli, na hapo ndipo niliposhindwa kuinua uso.

Alipanda kipande tu kabla maji hayajajaa. Kwingine kumebaki magugu.

Mchanga wanapakia vizuri sana. Saidi hupiga simu kulisifu trekta, na mimi natamani angenitukana.

Nilichojifunza: usiulize transmission ipi ni bora, gia au hydrostatic. Uliza kazi ipi haiwezi kusubiri, kisha lijaribu trekta kwenye udongo wa kazi hiyo. Kama kulima ndiko kunawalisha, chukua gia, mguu utazoea.

Mama mkwe hajanilaumu hata neno moja. Tangu siku ile sijakanyaga Mohoro. Nikiulizwa, nasema duka limenibana.

Wenye matrekta kwenye udongo wa mfinyanzi, semeni mnatumia nini. Na aliyewahi kumwomba radhi mkwe asiyemlaumu, anielekeze pa kuanzia.