Kadi ya Kura ya Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na huikumbuka zaidi ninapokusikia ukisema kwamba fulani hastahili kupiga kura kwa sababu ni mjinga. Nami niliwahi kusema hivyo. Tena sikuishia kusema, ndiyo maana nimekuita uketi hapa unisaidie kumenya ndizi. Mikono ikiwa na kazi, masikio husikia vizuri.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa juu ya Ogembo, na nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilijua kila kitu. Mikutano ya upinzani hakuna hata mmoja ulionipita. Nilirudi kutoka huko koo limekauka, vidole viwili nimeviinua juu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa alama yetu. Mama mkwe wangu, Nyaboke, akavitazama vile vidole, akaingia jikoni, akaniletea vikombe viwili vya uji.

"Si umesema viwili?" akaniuliza.

Alikuwa mjane asiye na haraka ya neno wala ya hatua. Siku moja watu wa chama tawala walipita wakigawa leso na chumvi. Akapokea, akashukuru, na kesho yake akajifunga leso ile akaenda nayo kuchuma majani chai, huku jirani wote wakimwona. Nikawaka moto.

"Mama, umeuza kura yako kwa chumvi?"

"Chumvi ni ya mboga," akasema. "Kura sijampa mtu."

Ujana una masikio, mwanangu, ila huyatumia kwa zamu. Nilisikia habari ya chumvi, ya kura sikuisikia. Zikiwa zimebaki siku tatu, nikaichomoa kadi yake ya kura ndani ya Biblia, nikaisukuma chini ya kuku aliyekuwa ameatamia pembeni mwa jiko. Kuku akanidonoa mara mbili. Laiti ningemsikiliza! Lakini nilijiambia kwamba naiokoa nchi.

Siku ya uchaguzi Mama akavaa nguo zake za kanisani, akafungua Biblia. Kadi hakuna. Tukatafuta. Mimi, mwizi mwenyewe, ndiye niliyetafuta kwa bidii kuliko wote: nikapekua magunia ya mahindi, nikakung'uta blanketi, nikapanda darini nikashuka na masizi puani. Mwishowe akasema, "Tuombe. Ongoza wewe, mwalimu."

Mwanangu, umewahi kumwomba Mungu huku ukimsihi asikusikie? Nilipiga magoti nikasema, "Ee Bwana, utuonyeshe kadi hii, kama ni mapenzi yako," nikakazia sana pale kwenye "kama." Kabla sijafika amina, nikasikia *pii, pii, pii*. Kumbe siku za kuku zilikuwa zimetimia, nami kwa siasa nilisahau kuzihesabu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua nne kutoka pale tulipopiga magoti.

Mama akainuka, akamsogeza kuku. Akatoa kifaranga cha kwanza, akatoa cha pili, kisha akatoa kadi. Akaigeuza huku na huku.

"Kuku huyu," akasema, "sikujua kwamba naye amejiandikisha."

Nikaangua kilio. Nikamwambia nilifanya vile kwa ajili ya uhuru.

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Kemunto, uchaguzi uliopita tulipangwa foleni nyuma ya wagombea. Chifu alisimama pale na kifimbo chake. Nilikuwa na mtu wangu, lakini miguu ilinipeleka nyuma ya mtu wa chifu, kwa sababu nina shamba na nina watoto. Nilirudi nyumbani nikijionea haya. Sasa wametuletea sanduku, nikajua macho ya chifu hayatanifikia tena. Na wewe ukaona chifu amechelewa, ukamfanyia kazi yake. Tena yeye alinitisha tu. Kadi aliniachia."

Akaipangusa kadi kwa leso, tukaondoka kupanda mlima hadi shuleni. Sikuthubutu kutembea mbele yake. Zamu yake ilipofika, karani aliishika ile kadi kwa ncha za vidole, uso ameukunja.

"Mama, hii kadi ilikuwa wapi?"

"Kizuizini," akajibu. "Imeachiliwa leo asubuhi, bila mashtaka."

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Siku zile kila mtu alijua kizuizini ni wapi, maana ndiko wapinzani walikofungiwa bila kesi. Mimi nikabaki nikivikagua viatu vyangu.

Njiani tukirudi nikashindwa kujizuia. "Mama, umempigia nani?"

"Niliyemtaka."

Nilimuuliza tena uchaguzi uliofuata. Nikamuuliza hata alipokuwa kitandani akiugua, akacheka hadi akakohoa: "Bado unanifuata kwenye sanduku?" Akazikwa na siri yake. Na yangu pia aliitunza. Hata mwanawe, mume wangu, hakuwahi kumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Basi nikuambie nilichojifunza. Kudai uhuru wako ni kazi nyepesi, hata mtoto mchanga huudai kwa kulia. Jamhuri husimama siku unapomwachia mwenzako kadi yake, huku ukiamini kabisa kwamba atakosea. Bishana naye mpaka jua lizame, mshawishi, mwonyeshe ushahidi, ila kadi usiiguse. Sheria imfunge mikono chifu, na ikufunge wewe pia, maana ndani ya kila mmoja wetu amelala chifu mdogo anayengoja kututendea wema kwa nguvu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu. Kabla hujaurusha, jaribu ncha yake kwenye kidole chako.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa, na subira mbele ya wanaokupinga. Nyumba yako ijae watu wasiokubaliana nawe, na wote wale kutoka chungu kimoja na kushiba.