Cherehani Kisicho na Stika

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Mimi ni afisa mauzo wa wakala wa vyerehani hapa Bagamoyo, na kazi yenyewe bado ngeni. Juzi nilikwenda Mlingotini kuzungumza na kina mama washonaji, na mama mkwe wangu alikuwamo. Nilimwamkia shikamoo nimeinamisha macho, na kwa adabu ya ukwe sikuangalia tena upande wake.

Nikaanza kujimwaga. Kuna vyerehani, nikawaambia, si feki, vimetoka kiwanda kilekile, ila vilitengenezewa nchi nyingine vikaingizwa huku bila kupitia kwa wakala. Bei yake nafuu, kwa hiyo wakala anayelipia mafundi na matangazo anakosa wateja. Kikiharibika hakina waranti, na lawama zote zinaishukia kampuni yenye jina lake.

"Tutavijuaje?" akauliza mmoja.

"Havina stika ya wakala kwa chini."

Wakavigeuza vyao. Kimoja hakikuwa nayo, wakanisogezea mbele. Hapo ndipo mdomo uliponiponza.

"Aliyemletea mwenzenu hiki," nikasema kwa sauti ya kutosha baraza zima, "hampendi hata kidogo."

Kina mama wakatazamana. Nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu, huku amekisogelea akikifuta vumbi kwa ncha ya khanga.

"Ananipenda, mwanangu. Alikileta siku ya posa, nami nikampa binti yangu."