Daktari Aliyekataa Kupima Hasira

Nilikuwa napiga mswaki Jumanne asubuhi wakati simu ya binti ya daktari wangu wa meno iliingia: mama yake ametuacha. Nilibaki na povu mdomoni, sijui niteme kwanza ama nilie kwanza. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na sisi wagonjwa wake tuliogopa sana huo mwisho wake. Lakini binti akaniambia mama alikunywa chai, akamtania nesi kuhusu meno yake, akalala, hakuamka. Nikatema povu, nikashusha pumzi. Mama aliyetuondolea maumivu miaka hiyo yote ameenda bila maumivu. Kumbe hata Mungu ana sindano ya ganzi.

Nyinyi mnaonisoma mnajua shule iliniachia form two, kwa hivyo hamtashangaa na hii. Kuna wakati mpwa wangu alitaka kuoa Muhoroni, na familia, sijui nani aliwaloga, ikanichagua mimi niwe msemaji kwa wakwe. Siku chache kabla ya safari, nikawa naonyesha watoto vile sisi wa zamani tulikuwa tunamenya miwa na meno. Jino ya mbele ikakatika, ikabaki kisiki. Kila neno lenye S likawa linatoka na filimbi. Mtu mwenye akili angekimbia kwa daktari. Mimi nilichukua gundi ya fundi wa viatu nikabandika ile kipande. Kufika asubuhi fizi imefura kama mandazi, na damu inatoka. Ndio sasa nikakumbuka kuna daktari.

"Mzee," akaniuliza, taa iko usoni mwangu, "hii ni jino ama umeziba pancha?"

"Daktari, wewe chukua kipimo tu. Jumamosi niko kwa wakwe."

"Sichukui."

"Sasa niwaongeleshe na filimbi? Si watafikiri mimi ni refa!"

Alicheka, lakini hakusonga. Akanieleza vile kofia ya jino inatengenezwa. Lazima kwanza wachukue umbo la kisiki na dawa laini kama unga wa chapati uliokandwa, na hiyo dawa ifike mpaka ukingo wa jino, pale chini karibu na fizi. Fizi ikifura inafunika ukingo, na damu inavuruga dawa. Kofia itakuja imeacha nafasi, chakula iingie, jino ioze ndani kwa ndani mimi nikiendelea kutabasamu. "Nikipima leo nitapima hasira ya fizi, sio jino yako. Wacha ipoe." Akatoa gundi, akaniwekea jino ya plastiki ya kushikilia tu, akanipa maagizo: nisukutue na maji ya chumvi, na nisipanue mdomo ovyo, hiyo kitu inaweza kuruka.

Nilitoka hapo nimenuna. Jumamosi kwa wakwe, mimi ambaye naongeanga mpaka chai inapoa, nilikaa nimefunga mdomo. Baba ya msichana alikuwa moto. Akasema kijana wetu hana adabu, amechelewa, labda amezoea kulelewa na watu wa porojo. Siku nyingine ningemjibu, na harusi ingeishia hapo kwa kiti. Lakini niliona kwa macho ya akili jino yangu ikirukia supu yake. "Mm," nikasema. Akangoja. "Mm," nikaongeza. Mzee akapoa pole pole, akaitisha chai, mwishowe akasema, "Huyu jaduong', huyu mzee wenu, ana busara." Mpwa wangu karibu aanguke. Tulirudi Kisumu tumekubaliwa.

Nilipoenda tena kwa daktari, fizi ilikuwa imetulia. Akasukuma uzi mwembamba wenye dawa katikati ya jino na fizi, fizi ikasonga kando kama mama mkwe anayepisha mgeni mlangoni. Akatoa uzi, akajaza ile dawa, akanifunga mdomo. Nilipomwambia nesi "mm", nesi akashangilia kuona mzee wa maneno mengi amenyamazishwa. Kofia ilipokuja, ilikaa kama nilizaliwa nayo. "Hii jino itanizika," daktari akasema, tukacheka wote.

Juzi tulimzika Asembo Bay, na binti yake akanipatia kipaza sauti. Nilishika jino kwa ulimi, nikaogopa. Nikaona mbele yangu watu wa group yetu ya simu; siku hizi mtu akikosea asubuhi, saa sita tushamaliza kumpima huko, tukiwa bado tumefura na hasira. Na mimi ni admin. Nikawaambia: ngojeni damu ikauke kwanza, ndio mpime mtu. Hicho ndicho alinifundisha, na mpwa wangu ako na mke juu ya hiyo. Halafu nikageukia jeneza, nikasema polepole, "Safiri salama, Daktari." Hakuna filimbi ilitoka.