Mlenda wa Mpakani

Kila mama aliponitumia mlenda mkavu kutoka Dodoma, mtani wangu aliwatangazia askari wenzetu wote pale kizuizini mpakani kwamba gundi ya kuzibia matairi imefika. Mimi Mgogo, yeye Mhehe. Kwetu sisi tusi la mtani halikasirikiwi, ila lazima lijibiwe.

Mchana ule mlenda ulikuwa mafigani, nyuma ya handaki, watu wenye silaha walipochomoza vichakani ng'ambo ya mpaka na kuanza kutumiminia risasi. Tukajitupa nyuma ya viroba vya mchanga, nasi tukafyatua. Risasi moja ikatoboa sufuria, mlenda ukatiririka chini. Mtani, aliyekuwa nyuma ya viroba vya upande wa pili wa barabara, akapaza sauti: "Wameonja. Sasa watarudi kwao wenyewe." Nilicheka huku nikiendelea kufyatua.

Kisha akanyamaza. Nikamtania, kimya. Nikamtania tena, kimya. Kuvuka barabara nisingeweza, maana risasi zilikuwa zinatimua vumbi katikati yetu. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nikamrushia lile tusi la kwamba Wahehe hula mbwa, ambalo hakuna Mhehe anayeliacha lipite:

"Mhehe, kuna mbwa kanona anapita huku."

Kikapita kitambo. Halafu sauti nyembamba ikatoka kwenye vumbi:

"Mbwa wa Kigogo atanona kwa kula nini? Mlenda?"

Nililia huku nalenga shabaha. Tukaendelea hivyo, tusi kwa risasi, mpaka wenzetu walipofika kutuongezea nguvu na wale jamaa wakatokomea. Kizuizi hakikuvukwa. Mtani alikuwa amepigwa pajani, na alibebwa kwenye machela akilalamika kwamba hajala.

Siku hizi mimi naishi Nzuguni, Dodoma, yeye yuko kwao Iringa, anachechemea. Kila asubuhi ananitumia tusi kwa simu, nami namjibu kabla ya chai. Majuzi simu yangu iliharibika, nikaipeleka kwa fundi kule Kizota, nikakaa zangu kwa amani, bila kumwambia mtu. Fundi hajaimaliza, jioni moja nikasikia hodi. Nilipofungua nikamkuta mtani mlangoni, kajaa vumbi la safari, kaegemea fimbo yake, anahema.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mla mlenda," alisema, "ukitukanwa, jibu."