Mwosha na Mwanawe

Wavumi ni mizuka wanaoishi katika nyumba hizi hizi za watu, nyuma ya kuta na chini ya sakafu. Hawana damu wala mifupa, lakini wana majirani, wana wivu, na sheria wanayo. Gereza hawana. Mvumi akimzima, yaani akimuua, mtoto wa mwenzake, hata kwa uzembe, anatolewa kwao, anaoshwa kwa maji ya majivu mpaka asahau alikozaliwa, kisha anakabidhiwa mfiwa awe mwanawe.

Kazi ya kuosha ilikuwa ya mjane mmoja mwembamba, mwingi wa utani, waliyemwita Mwosha. Alikaa chumba cha nyuma cha mahakama na karai lake na pipa la majivu. Wazazi waliolia mlangoni aliwatuliza: "Haumwi, jamani. Anasahau tu." Kisha akarudi nyumbani, akala, akalala usingizi wa pono.

Mwanawe wa pekee alikuwa bawabu wa karakana. Upepo ndio kifo cha Wavumi. Ukiwapiga wanazimika kama koroboi, kwa hiyo bawabu habanduki mlangoni. Siku moja kijana alitoka kwenda kupiga soga, mlango akauacha wazi. Upepo ukaingia, ukamzima mwana wa mpishi aliyekuwa kazini humo; mpishi huyo alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

Mahakamani kijana hakubisha.

"Mlango uliuacha?" hakimu akauliza.

"Niliuacha, mzee."

Mwosha akajitupa chini. "Nichukueni mimi."

"Mama mzima utakuwaje mtoto wa mtu, dada yangu?" Hakimu alisema kwa upole, na upole huo ulimkata maini.

Akakimbilia kwa mpishi. Alimkuta amekaa mbele ya jiko lisilo na moto.

"Jirani, nakuomba. Mkatae."

"Nikimkataa atatupwa nje kwenye upepo. Hiyo sheria unaijua kuliko mimi." Mpishi hakuinua uso. "Wala simtaki wako. Namtaka wangu. Lakini mwingine asizimike kwa ajili yangu."

Mwosha akarudi mahakamani. Angeweza kugoma, na askari wangemwosha kijana kwa mikono yao migumu, ile inayosugua mpaka na akili inatoka. Akakunja mikono ya gauni, akaingia chumbani.

Kijana alikuwa ameshakaa kwenye benchi.

"Mama, usinyamaze. Ongea chochote."

Akaongea huku anasugua. Akamsimulia alivyokuwa mtoto, alivyong'ang'ania pindo la gauni lake kila mahali, hata kazini, na alivyowahi kujificha ndani ya sufuria akashindwa kutoka. Kijana akacheka. Mwosha akafika nyuma ya sikio, mkono ukasita. Angeweza kupaacha pale, padogo tu, kumbukumbu kidogo ibaki. Lakini aliwahi kuharakisha kazi kwa binti mmoja, na yule binti mpaka leo anazunguka baina ya milango miwili, hajui upi ni wa kwao. Akafumba macho, akapasugua.

"Na hakuweza kutoka?" kijana akauliza, bado anatabasamu.

"Nani?"

"Huyo mtoto wa kwenye sufuria. Ni nani?"

Mwosha alimaliza kumfuta kwa kitambaa. Kijana akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu kama anavyofanya yeyote mbele ya mtu mzima. "Asante, mama," akasema, akatoka kumfuata mpishi aliyekuwa akimngoja mlangoni.

Tangu hapo Mwosha alihamishia kitanda kwenye ukuta ule waliopakana na mpishi. Alimsikia kijana akiitwa kwa jina la marehemu, akiitika. Kazini alikwenda kama anayekokotwa.

Alasiri moja mpishi alibisha hodi. Alikuwa amekonda, ushungi upande.

"Kijana hataki kula, jirani. Kila nikipika anasukuma sahani. Alikuwa anapenda nini?"

Mwosha alishika mwimo wa mlango. Alitamani kumfungia nje, alitamani pia kumkumbatia.

"Ukoko," akasema mwishowe. "Mwachie wali ushike chini kidogo. Lakini usiuunguze."

Mpishi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mwosha akarudi kuketi kitandani, akausikia mwiko ukikwangua sufuria upande wa pili. Kisha akavuta shuka, akajiziba mdomo, akalia.