Sabuni ya Sabra Iliyounguza

Hebu mwone Sabra wa mtaa wa Mabawa akiingia dukani kwa Shabbar, mtaa wa Usagara, mwaka ule wa themanini na tano rafu zilipoanza tena kupata vitu. Kajitanda leso, na kwapani kabana kipande cha sabuni alichokifunga kwa jani la mgomba. Sabuni nyeupe, ngumu, nzuri kuitazama. Ndiyo iliyomchubua mikono Mwanamkasi, mteja wa kwanza kuinunua.

Miaka yote ya dhiki, sabuni ikitafutwa kama dawa, Sabra aliwapikia jirani zake kwa mafuta ya nazi na potashi. Ilitoka laini, ya kuchota kwa kijiko, na hakuna aliyelalamika. Potashi ilipokwisha, Shabbar akampimia kostiki, soda kali ya kupikia sabuni ngumu, mzigo mpya. Sabra akatia gramu zile zile mia tano na sitini, kwenye mafuta yale yale kilo mbili na ushee. Sasa mtaa mzima umesikia habari za mikono ya Mwanamkasi, na hakuna anayenunua.

"Kostiki yako mbovu, Bwana Shabbar."

"Ingekuwa mbovu ingeunguza mtu?"

Noorjehan mkewe, aliyesoma kemia kabla ya kuolewa, akacheka nyuma ya kaunta. "Usimjali huyu. Njoo hapa, mamangu."

"Shikamoo, Bi Noorjehan."

"Marahaba."

Akaweka dazeni ya vifungo vya shati upande mmoja wa mizani, na dazeni ya vifungo vya koti upande wa pili. Wa koti ukashuka.

"Vifungo vipi ni vingi zaidi?"

"Si sawasawa? Dazeni kwa dazeni."

"Basi mafuta nayo hayajui gramu, yanataka idadi. Kila chembe ya mafuta ipate chembe zake za kostiki. Na kwa kuwa chembe hazihesabiki, wanakemia wana dazeni yao, wanaiita moli: sita na tarakimu ishirini na tatu nyuma yake. Moli ya potashi ina gramu hamsini na sita. Ya kostiki, arobaini tu."

Sabra akapiga hesabu kwa vidole. Gramu mia tano na sitini za potashi ni moli kumi. Moli kumi za kostiki ni gramu mia nne.

"Nimezidisha mia na sitini!"

"Moli nne nzima, zimekosa mafuta zikazurura," alisema Shabbar, "mpaka zikaikuta mikono ya Mwanamkasi."

Ilibidi sabuni iyeyushwe upya na kuongezewa mafuta karibu kilo moja. Sabra alikuwa na hayo tu, ya kupikia nyumbani. Akayamimina yote, akaiacha sabuni ikauke wiki nne.

Wiki hizo zilipotimia alikwenda kwa Mwanamkasi na beseni la maji. Hakusema neno la moli. Alinawa mwenyewe mpaka viwikoni, taratibu, mwenziwe akitazama, kisha akamnyooshea kipande.

Mwanamkasi aliitazama mikono ya Sabra, akaitazama yake, ngozi mpya bado nyekundu.

Ungekuwa wewe, ungekipokea?