Taa Isiyozimika Shimoni

Madamu Kavugho alikuwa na jina la pili pale shuleni kwetu Goma, na aliyempachika ni mimi. Nilimwita Mchawi wa Mishumaa. Anafundisha sayansi za maisha na dunia, darasa la saba na la nane, mwaka wa kumi na tisa huu, na chumba chake kimetenganishwa na changu cha hesabu kwa ukuta wa mbao tu. Kila akifika somo la hewa, watoto wake hupiga kelele mpaka wangu wanasahau saba mara nane.

Somo lenyewe nalijua kwa moyo, maana nimelisikia kupitia mbao miaka yote hiyo. Anakamua ndimu juu ya magadi ndani ya jagi, povu linapanda, linatulia. Kisha analiinamisha jagi juu ya mshumaa kana kwamba anamwaga maji, na mshumaa unazimika.

"Mmeona maji?"

"Hapana, Madamu!"

"Sasa nini imezima moto?"

"Mazuku!"

Hapa kwetu mtoto huyajua mazuku kabla hajajua kusoma. Ni hewa inayovuja kutoka chini ya mlima, nzito kuliko hewa yetu, inajilalia kwenye mabonde na mashimo hasa asubuhi isiyo na upepo. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huingia bondeni wima akabaki humo. Ndiyo maana wachimba mashimo wa mji huu wana desturi yao, tangu babu zao: kabla ya kushuka, unateremsha kibatari kwa kamba. Kikizimika, hushuki. Kikiwaka mpaka chini, unashuka.

Katembo, mdogo wake Madamu Kavugho, alikuwa mchimba mashimo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mipana, na utani wake haukumbagua mtu. Mwaka mmoja shule ilimpa kazi ya kuchimba choo kipya nyuma ya madarasa, yeye na mwenzake Bisimwa. Wiki sita walipiga mwamba wa lava kwa nyundo na mtaimbo, wakafika mita nne. Kila nikipita alinipigia kelele kutoka chini: "Mwalimu wa hesabu! Njoo unipimie, nimebakiza nusu saa nifike kuzimu!"

Yale yaliyotokea yalitokea Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, watoto wakiwa wamepanga mistari wakiimba. Shimo lilikuwa limelala siku mbili bila mtu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya bati, hakuna jani lililotikisika.

Nilikuwa natoka kuchukua chaki nikamwona Katembo anateremsha taa yake kwa kamba. Akachungulia. "Inawaka mpaka chini kabisa," akamwambia Bisimwa. "Leta nyundo." Akashuka ngazi akipiga mluzi.

Mluzi ukakatika. Nikasikia nyundo ikianguka juu ya jiwe, halafu kitu kizito zaidi ya nyundo.

"Katembo!" Bisimwa aliita. "Wee Katembo! Acha mchezo, bana!"

Nilifika ukingoni. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu juu ya kifusi, na taa inamwangaza mgongo. Bisimwa alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Hapo ndipo Madamu Kavugho alipotokea mbio, kitenge mkononi, akamshika Bisimwa ukosi wa shati akamvuta nyuma, na alipokataa akamzaba kofi. Kisha akaishika ngazi ile ndefu, yeye mwenyewe, akaanza kuitoa shimoni.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nisaidie kuvuta!"

"Madamu, ndugu yako yuko chini!"

"Najua nani yuko chini! Vuta!"

Sikuvuta. Nasema ukweli wangu, sitaki kujipamba. Nilisimama mikono ikining'inia, na nikamwita muuaji. Nilimwita hivyo mbele ya watoto waliokuwa wameacha mistari. Bisimwa alikuwa analia kwa hasira: "Umesoma sana mpaka moyo umekauka! Mtu wako anakufa unamnyima ngazi!" Madamu akaitoa ngazi yote, akaitupa nyuma yake kwenye nyasi, akaikalia.

"Ukishuka sasa nitakuwa na maiti wawili," akamwambia Bisimwa. Sauti hakuiinua. "Mwalimu, kamba. Wewe Bisimwa, nyingine. Prefe, mwavuli wako!"

Prefe, mkuu wetu wa shule, hutembea na mwavuli mweusi mkubwa mvua inyeshe isinyeshe. Akautoa bila kuuliza. Madamu akawasha kipande cha mshumaa kutoka mfukoni mwake, akakitia ndani ya kopo, akakiteremsha. Ulipofika kama utosini mwa mtu aliyesimama mle chini, moto ukalala upande, ukafa. Moshi mdogo ukabaki umeelea pale pale, haupandi wala haushuki, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaona mazuku yalipoishia. Shimo lilikuwa limejaa nusu, na Katembo alikuwa chini ya maji yasiyoonekana.

Hapo ndipo nilipokimbilia kamba.

Akaufungua mwavuli, akaufunga kamba kwenye kishikio chake, akautumbukiza. Ukashuka umekaa kama bakuli. "Vuta haraka, mwaga kule, rudisha! Tunakausha kisima!" Mimi na Bisimwa tukashika kamba. Tulivuta, tukamwaga kitu tusichokiona juu ya nyasi, tukarudisha. Madamu na Prefe walichukua turubai la mchanga wakawa wanalipigapiga mdomoni mwa shimo, hewa ya juu iingie. Mimi nikaanza kuhesabu kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi pekee niijuayo. Kumi. Kumi na tano. Bisimwa alikuwa anatukana kila tukivuta, na matusi yote yalikuwa ya Madamu. Ishirini na mbili. Katembo hakusogea.

Kwenye thelathini Madamu akainua mkono, tukaacha. Akateremsha mshumaa tena. Ulipita kifua. Ulipita kiuno. Ulipofika magotini ukayumba, ukawa mdogo kama punje, lakini haukufa.

"Ngazi," akasema.

Tukaishusha. Akamfunga Bisimwa kamba kiunoni kwa mikono yake. "Jaza mapafu hapa juu. Ukiinama usivute pumzi mpya, usiite jina lake, usiseme kitu. Mfunge kwapani, kisha panda. Mwalimu anahesabu mpaka arobaini. Ikifika arobaini tunakuvuta, umemfunga au hujamfunga."

"Na kama sijamfunga?"

Akalikaza fundo. Bisimwa akajaza mapafu, akashuka.

Nilihesabu. Sijawahi kufundisha namba ndefu kama zile. Kwenye ishirini Bisimwa alikuwa amepiga goti akihangaika na kamba, mishipa ya shingo imemtoka. Kwenye thelathini na mbili nikamwangalia Madamu usoni, nikitumaini ataniambia nihesabu polepole. Hakuniambia. Kwenye thelathini na saba Bisimwa aliinua mkono, akaparamia ngazi, na sisi sote tukaivuta kamba ya Katembo, Prefe na tai yake, walimu, wapishi, kila mwenye mkono.

Alitoka amekuwa rangi ya majivu. Dada yake akampindua, akambana pua, akampulizia hewa mdomoni, tena na tena, watoto wakitazama. Kisha Katembo akakohoa. Akatapika chai ya asubuhi juu ya kitenge cha dada yake, na sijaona kitu kizuri kama matapishi yale.

Bisimwa alikuwa amekaa chini, anatweta. "Madamu," akasema, "lile kofi nimelisamehe. Matusi yangu sijui utayafanyaje."

Hakucheka. Alikuwa anamsikiliza Katembo, ambaye midomo yake ilikuwa inatafuta maneno.

"Yaya," akamwambia dada yake, "nilipima. Niliteremsha taa. Ilikuwa inawaka."

Tukageuka wote tukachungulia. Taa ilikuwa bado chini, juu ya kifusi, inawaka nyeupe bila kuyumba, katikati ya hewa iliyoua mshumaa. Ilikuwa taa ya sola.

Niligeuka kumwambia Madamu neno, nikakuta amekaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa analia sasa, yeye ambaye muda wote ule hakutoa chozi. Sikuelewa. Mtu amepona, unalia nini?

Nilielewa Alhamisi, kupitia ukuta wa mbao. Watoto walikuwa wamemwomba awaeleze. Nikawaacha wangu na hesabu zao za sehemu, nikaenda kusimama mlangoni pake. Juu ya meza aliweka beseni, na ndani yake kibatari na taa ya sola, vyote vinawaka. Akalimwaga jagi lake. Kibatari kikafa. Taa ya sola ikaendelea.

"Moto unakula hewa ile ile tunayokula sisi," akasema. "Hii haili kitu. Hata ukiizika inawaka. Katembo alifuata desturi ya babu zetu vizuri kabisa, na desturi ikamdanganya."

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Madamu, lakini yeye ni mchimbaji, hajasoma. Nani alimpa taa hiyo?"

Aliliweka jagi chini. Aliniona mlangoni.

"Mimi," akasema. "Mwaka Mpya. Nilimwambia, tupa kibatari chako, kinakunukisha moshi, tumia hii ya kisasa. Akanishukuru."

Shimo lilimalizwa mwezi uliofuata, na kila asubuhi kabla ya kengele Madamu aliteremsha kibatari mwenyewe. Katembo siku hizi anauza viazi. Anasahau majina, na utani umempungua. Jina la Mchawi sikulitamka tena. Katika kila mtihani wa mwisho wa mwaka Madamu hutunga swali lile lile: mchimbaji ameteremsha taa ya sola shimoni, ikawaka, akashuka, akaanguka, kosa ni la nani? Alama kumi. Wengi huandika ni la mchimbaji. Wachache huandika ni la aliyempa taa bila kumweleza, na hao huwapa kumi zote, kwa wino mwekundu, halafu nasikia kupitia mbao akivuta kiti na kukaa muda mrefu bila kusahihisha karatasi nyingine.